Miguu ya Bule na Malka Iliyofungwa

Zamani ukimtafuta Bule hukuuliza mtu. Ulitazama vumbi upande wa nyika, jua linapoanza kuchoma, ukajua Bule anateremsha ng'ombe mtoni. Vumbi la wachungaji wengine lilitawanyika kama moshi wa kuni mbichi, maana ng'ombe wao walivutwa huku na huku na majani ya watu. La Bule lilikwenda limenyooka. Ng'ombe wake walipita kwenye malka kama maji kwenye mfereji, hawagusi jani.

Malka ni njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni, katikati ya mashamba ya Wapokomo. Siku hizi ukilitaja neno hilo mjini Garsen watu wanakuuliza ni nani aliyepigwa. Sisi tulizaliwa tukalikuta likiwa jina la mapatano. Kiangazi kikikaza, Waorma tulitoka nyikani tukaja kwenye delta ya mto Tana. Wapokomo walituachia njia, na ng'ombe wakaacha samadi kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Mama yake Bule alipeleka maziwa kijiji cha Idsowe kwa Mpokomo mmoja, mama yake Buya, akarudi na ndizi na mahindi, na hakuna aliyepima kibuyu wala mkungu. Nawaambia vijana, wanacheka. Wanadhani mtu anayetoa bila kupima ni mtu aliyelaghaiwa.

Bule ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Gumato. Malka alifundishwa kama tulivyofundishwa sote. Baba alitangulia, mtoto akafuata, na mtoto alikatazwa kuuliza. Ukiuliza njia inakata wapi, hujibiwi. Ukitaka kukosea, baba anasimama mbele yako kabla mguu haujakanyaga pasipofaa, nawe unajikuta umegeuka. Kesho hivyo hivyo, na keshokutwa. Hakuna ubao wala chaki. Waliokwenda shule waliita huo ujinga, na leo watoto wao wanakariri mito ya Ulaya, lakini hawajui ng'ombe wa babu yao walikunywa wapi.

Bule alizijua malka zote za upande wetu, lakini yake hasa ilikuwa Malka Guracha, yaani malka nyeusi, kwa ajili ya udongo wake. Ilitoka nyikani, ikapita kando ya kichuguu kikubwa, ikanyooka mpaka majini. Babake aliipita, na babu yake.

Kisha zikaja mvua za mwisho wa mwaka wa tisini na saba, zile walizoziita El Nino. Tana ilifurika hadi tukapandisha kuku juu ya mapaa. Maji yalipopungua, mto ulikuwa umejikatia mkondo mwingine. Chini ya Malka Guracha hapakuwa na maji tena, palibaki matope mazuri ya kilimo. Buya, mtoto wa yule mama wa Idsowe, akapanda migomba na mahindi pale. Wazee wa pande zote mbili waliridhia, tukapewa njia mpya: ukifika kwenye kichuguu unakata mkono wa kulia, unazunguka kinamasi cha matete, unatokea kwenye mkondo mpya. Hata mimi, nisiyependa kitu kipya, sikuona kosa la Buya.

Nyuma ya mafuriko ikaja homa, ile iliyoanzia kwa mifugo. Ng'ombe waliharibu mimba kila zizi, ndama wakafa. Bule alikesha zizini akiwavuta ndama wafu kwa mikono mitupu, maana kwake ng'ombe anayeteseka hakuwa kitu cha kusubiria glavu. Homa ikampata. Kichwa kilimuuma hadi akaomba kifungwe kwa kamba, akaropoka, akalala asiamke. Barabara ilikuwa imekatika, tukampeleka Garsen kwa mtumbwi. Tulikwisha mchagulia mahali pa kuzikwa.

Hakufa. Aliamka akaomba maziwa, akamwita Gumato kwa jina, akaniuliza kwa nini nimekonda kama mwalimu. Alikuwa Bule yule yule, na hapo ndipo tulipodanganyika.

Kesho yake akauliza, "Dalacha amezaa?"

Dalacha alikuwa ng'ombe wake wa kijivu, kiongozi wa kundi. Nikamwambia kwamba amekufa, yeye na wengi wengine. Bule akajifunika shuka usoni, akakaa hivyo mpaka jioni. Asubuhi akaamka, akajinyoosha, akasema, "Shemeji, hujambo. Dalacha amezaa?"

Tulimwambia tena, naye akaomboleza upya. Kwetu mtu haulizwi habari za ng'ombe akadanganya. Salamu yenyewe inaanza hivyo, una amani, ng'ombe wana amani, na uongo katika salamu ni mkosi wa nyumba nzima. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa uaminifu wetu, tulimuulia Dalacha. Gumato ndiye aliyechoka kwanza. Siku moja Bule alipouliza, alimjibu, "Yuko na baba yako," na baba yake Bule alikufa tungali vijana. Bule akacheka, "Mzee amemchukua tena bila kuniambia," akaenda kukama.

Ng'ombe waliobaki walikuwa wachache. Bule aliwateremsha mtoni kama kawaida, na kawaida yake ilikuwa Malka Guracha. Alipita kichuguuni, akanyoosha, akaingia moja kwa moja katika migomba ya Buya.

Mara ya kwanza Buya alinyamaza, akijua mwenzake ametoka ugonjwani. Baadaye nilikuwapo na nilisikia.

"Bule, umeingia tena."

"Nimeingia wapi? Wewe ndiye uliyelima katikati ya malka. Babako angekuona angeona haya."

"Hata jana ulimtaja babangu hivyo hivyo."

"Jana sikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa. Ulisimama hapo hapo, na ng'ombe huyo huyo akala mgomba huo huo. Nadhani alibakisha kipande ili aje akimalize leo."

Bule akamtazama yule ng'ombe, akamtazama Buya, akatikisa kichwa. "Godana," akaniambia, "huyu mtu tangu mafuriko ya utotoni hana akili."

Mimi sikucheka. Niliona macho ya Buya yanamtafuta mtu wa kumkasirikia na hayamwoni. Watu wamegombana huku kwa kidogo kuliko mgomba.

Tukampeleka kwenye kliniki moja ya Garsen, kwa binti wa Kigiriama aliyeitwa Cynthia. Wote walimwita daktari. Mlango wa kliniki ile ulikuwa umevimba kwa maji ya mafuriko. Kuufungua ilikupasa uuinue kwa komeo, kisha uusukume kwa goti. Bule alihangaika nao, akautukana, mwishowe Cynthia akauinua mwenyewe kutoka ndani.

Alimwambia majina ya vitu vitatu, akazungumza naye habari za malisho, kisha akamwomba avitaje. "Vitu gani?" Bule akauliza. Kisha Cynthia akamuuliza alikokuwa akinywesha ng'ombe katika ujana wake, na Bule akasimulia hadi wagonjwa wa nje wakaingia kusikiliza.

"Mama," Cynthia akamwambia Gumato, "kichwani mna chembe zinazoitwa nuroni, nyingi hazihesabiki. Kila moja ina matawi, lakini matawi yake hayagusani na ya mwenzake. Kati yao pana upenyo mdogo mno. Ujumbe ukifika ukingoni, dawa fulani ya mwilini inamwagwa, inavuka upenyo, na nuroni ya ng'ambo inaamka. Zikiamshana mara nyingi, kivuko kinakuwa imara. Safari ya kumi inakuwa rahisi kuliko ya kwanza. Kujifunza ni huko."

"Kama malka," Gumato akasema.

"Malka ndiyo nini?"

"Njia ya ng'ombe. Wakipita kila siku nyasi hazioti. Wakiacha kupita, miti ya miiba, mathenge, huifunga."

Cynthia alifikiri kidogo. "Basi ni malka, mama. Sasa, ndani, usawa wa masikio, kila upande pana sehemu ndogo iliyojikunja. Inaitwa hipokampasi. Hiyo ndiyo inayopokea habari za leo na kuzishika mpaka zikae mahali pake. Za zamani zilikwisha kaa kwingine, ndiyo maana anazo. Sina mashine ya kuona ndani, nasema kwa dalili, lakini nadhani homa imeiharibu sehemu hiyo."

"Itapona?"

"Sitakudanganya. Sidhani."

Gumato hakulia mbele ya mgeni. Alimfunga Bule kilemba vizuri, tukaondoka.

Tulirudi kliniki mara kadhaa kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikimuuma. Kila tukifika, Bule aliapa kwamba hajawahi kuliona jengo lile. Siku moja akiwa katikati ya kiapo chake, mkono wake uliinua komeo, goti likasukuma, mlango ukafunguka bila kelele. Akaingia, akamwamkia Cynthia kama mtu asiyemjua.

Cynthia aliacha kalamu. "Nani amemwonyesha mlango?"

"Hakuna," nikasema. "Mwanzoni alipambana nao. Kila tukija anapambana kidogo zaidi."

"Mzee," akamwambia Bule, "huu mlango unafunguliwaje?"

"Mlango ni mlango, binti yangu. Unausukuma."

Hapo Cynthia akavuta kiti karibu na Gumato. Alimweleza kwamba jambo la kusimulia na jambo la kutenda hayahifadhiwi pamoja. Kukama, kuogelea, kupiga mluzi, vyote hivyo hushikwa na sehemu nyingine, chini zaidi ndani ya ubongo, na ule ubongo mdogo ulio nyuma ya kisogo. Homa haikufika huko. Mkono wa Bule ulikuwa umejifunza mlango, na yeye mwenyewe hakuwa na habari.

"Basi na mguu unaweza," Gumato akasema.

"Unaweza, lakini polepole. Na asiachwe akosee. Mimi na wewe tukikosea tunakumbuka kosa, tunalikwepa. Yeye halikumbuki. Mguu wake unalichukua kosa kama unavyolichukua lililo sawa. Kila akiingia shamba la huyo jirani yenu, anajifunza kuingia. Wala msimweleze sana. Maneno hayakai, yanamchosha tu."

Gumato akanitazama. "Godana, unasikia? Anatueleza alivyofundisha baba."

Cynthia hakuelewa, nasi hatukumfafanulia. Njia ile ya kimya waliyoiita ujinga ilikuwa imerudi kwetu kutoka kwenye vitabu vya wazungu, imevaa koti jeupe.

Kabla ya kuanza kuufundisha mguu wake, tulipata hasara moja zaidi. Gumato aliitwa msibani huko Ndera, nami nilikuwa sijiwezi kwa malaria. Bule akatoa ng'ombe peke yake. Wakati huu hawakula mgomba tu, walilaza mahindi yaliyokuwa yanatoa ndevu. Buya alikuja kwetu kwenye jua kali, akakataa hata maji ya kunywa. Alisema jambo liende kwa wazee wa pande zote mbili. Hiribae, mkubwa wa wazee wetu, alikubaliana naye: mavuno yakiisha, wazee wakae. Na alituambia mapema alichokuwa akikifikiria. Ng'ombe wa Bule wapelekwe kwa nduguye aliyeko Ndera, na Bule abaki nyumbani.

Yeyote asiye Muorma aelewe maana yake. Bule asingelala njaa, nduguye si mtu mbaya. Lakini angeamka kila asubuhi, akachukua fimbo, akaenda kwenye zizi tupu, akauliza ng'ombe wako wapi. Tungemwambia, kisha angesahau, angeamka tena. Tulikwisha jua kifo cha ng'ombe mmoja kinavyouma kikirudiwa. Hiki kingekuwa cha kundi zima, mpaka mwisho wa maisha yake.

Gumato akawaachia wanawake wengine biashara yake ya maziwa. Kila asubuhi alitoka na mumewe, akatembea begani kwake upande wa kushoto, upande ambao Malka Guracha inaendelea. Hakusema neno. Wakifika kichuguuni alijisogeza mbele kidogo akaziba ile njia ya zamani kwa mwili wake, na Bule, ili asimgonge, akapinda kulia.

"Mwanamke, unaniziba."

Kimya.

"Zamani ulikuwa na maneno mengi. Nilikuoa kwa ajili ya maneno."

Kimya. Gumato aliniambia kwamba hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko jua na miba. Alitamani kumjibu.

Siku zikaenda, mahindi ya Buya yaliyosalia yakakauka, na Gumato akaanza kupunguza hatua yake pale kichuguuni. Kwanza mwili mzima, kisha bega, kisha alinyoosha mkono tu. Mwisho alitembea sawa naye bila kuziba kitu, na Bule akapinda. Lakini Gumato alikuwapo. Hakuthubutu kumwacha peke yake.

Wazee walikutana penye ua wa miiba wa Buya, ili kila mtu aone mahindi yaliyolala. Hiribae alianza kama wazee wanavyoanza, kwa kumjaribu mchungaji kwa mdomo.

"Bule, malka ya kwenda majini iko wapi?"

Bule akasimama. Alieleza vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Alianza nyikani, akataja mti baada ya mti, akafika kichuguuni. "Hapo unanyoosha," akasema, "mpaka kwenye maji." Akanyoosha fimbo yake katikati ya shamba la Buya.

Wapokomo walinung'unika. Buya alifungua mikono tu, kama mtu anayeonyesha kwamba hana la kuongeza. Hiribae akanyoosha mkono apewe fimbo hiyo, ishara ya kumvua uchungaji.

Gumato alikuwa amekaa nyuma yangu. Akasema, kwa sauti ya kuniambia mimi lakini iwafikie, "Kaka, waambie wamemuuliza mdomo. Mdomo haupeleki ng'ombe majini. Wamfuate."

Nikawaambia. Hiribae akacheka bila ubaya. "Tumfuate tuone nini? Ng'ombe wake wameizoea njia mpya. Ng'ombe ndio wanaompeleka yeye."

"Basi apewe wako," Gumato akasema, sasa bila kupitia kwangu.

Watu wakamtazama Hiribae. Ng'ombe wake walikuwa wametoka mbali nyikani wiki ile ile, hawajawahi kuonja maji ya upande wetu. Asingeweza kukataa bila kuonekana anaogopa. Tukapanda wote hadi walikokuwa, kabla ya kichuguu, na Gumato akaamriwa abaki nyuma pamoja nasi. Bule alipowaona wale ng'ombe alisikitika.

"Hawa ni wa nani? Wamekonda kama ngazi."

"Ni wangu," Hiribae akasema.

"Pole. Una ugonjwa gani?"

Akapiga mluzi wa kunywesha, wakamfuata. Alitembea mbele, sisi nyuma, na mdomo wake haukupumzika. "Sasa hivi tunafika kichuguuni," aliwaambia ng'ombe wa mwenzake, "tukifika tunanyoosha moja kwa moja."

"Mmesikia?" Buya akasema.

Mimi nilikuwa natazama bega lake la kushoto. Bule alikuwa anatembea pembeni mwa njia, si katikati, ameacha nafasi ya mtu mmoja. Hapakuwa na mtu. Alipofika kichuguuni alikuwa bado anasema, "Moja kwa moja, mpaka majini, baba alipita hapa," na miguu yake ikapinda kulia. Ilipinda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kama kumkwepa mtu aliyesimama. Ndama mmoja wa Hiribae aliona migomba akataka kunyoosha. Bule, bila kugeuza shingo, alipiga fimbo chini upande wa kushoto, ndama akarudi kundini.

Tukamfuata, tukazunguka matete. Ng'ombe wakaona maji, wakakimbia. Bule akasimama ukingoni, akatazama mkondo, akatazama ng'ambo.

"Hapa si Malka Guracha," akasema.

"Si yenyewe," nikamjibu.

"Nimefikaje?"

Gumato alikuwa amefika, akasimama kwenye ile nafasi. "Umetembea," akamwambia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwenye njia ile.

Hiribae akasema mbele ya wote kwamba ng'ombe wa Bule watabaki na Bule. Buya aliuliza kama Gumato ataendelea kwenda na mumewe kwa muda, naye akakubali, na jambo likaisha. Jioni Buya alituma mkungu wa ndizi. Gumato alipeleka kibuyu cha maziwa. Nilitazama vile vitu viwili vikipishana njiani, na sitaki kumdanganya msomaji: haikurudiwa. Maziwa ya kijijini kwetu yanakwenda Garsen kwa vibuyu vya plastiki, yanauzwa kwa kikombe, na ndizi za Buya vilevile. Sasa nasikia hata ile njia ya kinamasi kuna anayeitaka alime. Akipewa, Gumato atalazimika kuanza upya, naye hawi kijana.

Kwa sasa Bule anakwenda. Malka Guracha imeota mathenge tangu kichuguuni hadi penye ua wa Buya. Mwanangu amepita hapo mara nyingi na hajui kwamba palikuwa njia. Asubuhi nikimwamkia Bule namuuliza ng'ombe wana amani, ananijibu wana amani, Dalacha yuko kwa mzee. Namuuliza anawapeleka malka ipi.

"Guracha," anasema. "Iko nyingine?"

Kisha anaondoka, ameacha nafasi upande wa kushoto, na mke wake anaingia hapo.